Saratani ya Mlango wa Kizazi ya Hatua za Juu: Namna ya Kuishi na Tiba na Kukabiliana na Maudhi Yake

Saratani ya mlango wa kizazi huwapata na kuwaua wanawake wengi zaidi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya wanawake wanaofikishwa katika hospitali zinazotibu ugonjwa huo hufika ukiwa umekwisha kuingia hatua ya tatu au ya nne. Swali la kwanza la ndugu huwa ni kama mgonjwa atapona. Swali la pili, ambalo mara nyingi haliulizwi mpaka hali imeharibika, ni namna mgonjwa atakavyoishi na tiba yenyewe: kichefuchefu, kuhara, uchovu, maumivu, na mambo ya faragha ambayo wengi huona aibu kuyataja hata mbele ya daktari. Makala haya yanahusu swali hilo la pili.

Ni muhimu kwanza kufahamu maana ya hatua. Katika hatua ya tatu uvimbe umefika kwenye ukuta wa nyonga au sehemu ya chini ya uke, au umeziba mirija inayopitisha mkojo kutoka kwenye figo. Katika hatua ya nne ugonjwa umeingia kwenye kibofu au utumbo mpana, au umesambaa hadi viungo vya mbali kama mapafu, ini na mifupa. Hatua hizi zote huitwa za juu, lakini hazina mwisho mmoja. Wapo wanawake wa hatua ya tatu wanaotibiwa kwa lengo la kupona kabisa, na baadhi yao hupona. Kwa ugonjwa uliosambaa mbali, tiba hulenga kurefusha maisha na kupunguza mateso. Mgonjwa na familia wana haki ya kumuuliza daktari waziwazi tiba inayotolewa ina lengo gani kati ya hayo mawili, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua ni maudhi kiasi gani yanafaa kuvumiliwa.

Tiba isiyotakiwa kukatizwa

Tiba ya kawaida ya ugonjwa ambao haujasambaa mbali ni mionzi ya nje, siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano, pamoja na dawa ya sisplatini inayotolewa kwa dripu mara moja kwa wiki. Baadaye hufuata mionzi ya ndani, ambayo huwekwa karibu kabisa na uvimbe. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 katika eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pekee nchini palipotolewa tiba ya mionzi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, nayo hutoa huduma hiyo, na KCMC, Moshi, hutoa dawa za saratani. Kwa mgonjwa anayetoka Kigoma au Rukwa, hii ina maana ya kukaa ugenini kwa wiki nyingi, mara nyingi kwa ndugu ambaye naye ana shida zake.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni kwamba mionzi ya saratani hii inatakiwa ikamilike, ile ya nje na ya ndani, ndani ya takribani wiki nane. Mapengo yanapoongezeka, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana upya na uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua. Mgonjwa anayekosa siku nne kwa sababu ya kuhara, kisha wiki nzima kwa sababu damu imepungua, hapati tiba ileile aliyopangiwa. Kwa hiyo kuripoti maudhi mapema ni sehemu ya tiba. Mgonjwa anayenyamaza ili aonekane mvumilivu, au kwa kuogopa kwamba atasimamishiwa mionzi, mara nyingi ndiye anayesimamishwa baadaye, hali ikiwa imekuwa mbaya zaidi.

Upungufu wa damu ni mfano mzuri. Uvimbe wenyewe huvuja damu, na dawa hupunguza uwezo wa mwili kutengeneza nyingine. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi katika tishu zinazopata oksijeni ya kutosha, hivyo kiwango cha damu kinaposhuka sana mgonjwa hudhoofika na tiba nayo hupungua nguvu. Kipimo cha damu cha kila wiki kisikwepwe, na ndugu wanaoweza kuchangia damu wajulishwe mapema kwamba huenda wakahitajika.

Homa wakati wa tibakemia

Ikiwa kuna jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa anayetumia dawa za saratani inapaswa kulijua, ni hili. Dawa hizo hupunguza chembechembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, na kwa dawa nyingi chembechembe hizo hufika kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo maambukizi madogo yanaweza kuenea kwenye damu kwa saa chache.

Katika nchi yenye malaria, homa huwapeleka watu dukani kununua dawa mseto na parasitamoli. Kwa mgonjwa wa tibakemia mazoea hayo ni hatari. Parasitamoli hushusha joto na kuficha dalili huku maambukizi yakiendelea. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali wakati huohuo, hata usiku wa manane. Atapimwa malaria, lakini pia anatakiwa kupimwa wingi wa damu na kuanzishiwa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa bila kusubiri majibu yote. Anayemsindikiza aseme sentensi moja mapokezi: mgonjwa huyu anatumia dawa za saratani na ana homa. Mhudumu wa kituo ambacho hakijawahi kumwona hawezi kulijua hilo kwa kumtazama. Kipimajoto ni kifaa kidogo, na kwa familia ya namna hii kina faida kuliko dawa nyingi zinazonunuliwa bila ushauri.

Tumbo, ngozi na mengine

Sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazosababisha kutapika zaidi, na kutapika huko kunaweza kuanza au kurudi siku ya pili hadi ya tano, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi anakofikia. Dawa za kuzuia kichefuchefu, kama ondansetroni na deksamethasoni, hufanya kazi vyema zikinywewa kabla ya kutapika kuanza na kwa siku zote zilizoandikwa. Kuziweka mpaka hali izidi ni kuzipoteza. Chakula kidogo mara nyingi, uji usio mzito, na vyakula vilivyopoa visivyo na harufu kali huvumilika kuliko sahani moja iliyojaa. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kwa siku nzima arudi hospitali.

Dawa hiyo pia inaweza kuumiza figo. Ndiyo maana hutanguliwa na kufuatiwa na dripu za maji, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi siku zinazofuata. Masikio kuvuma, na ganzi au kuchomachoma kwa vidole vya mikono na miguu, ni mambo ya kumweleza daktari kabla ya dozi inayofuata, maana madhara haya yanaweza kuwa ya kudumu na dawa inaweza kubadilishwa. Nywele, ambazo wengi huziogopea, kwa kawaida hupungua kidogo tu kwa sisplatini peke yake. Wanaopewa paklitakseli hunyonyoka karibu zote, kisha huota tena miezi michache baada ya tiba kwisha.

Mionzi ya nyonga huleta kuhara kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Wali, ndizi mbivu, viazi na supu nyepesi hufaa wakati huo, huku maharage, maziwa, mboga mbichi, pilipili na mafuta mengi vikipunguzwa. Maji ya chumvichumvi ya ORS yatumike mapema, na dawa ya kuzuia kuhara itolewe na hospitali. Mkojo kuwasha au kutoka mara kwa mara unaweza kuwa ni mionzi, au ni maambukizi yanayotibika, na vipimo ndivyo vitakavyotofautisha.

Ngozi ya kinena na makalio inaweza kuwa nyeusi, kukauka au kuchubuka. Isisuguliwe kwa dodoki wala kupakwa mafuta yenye manukato, na alama zilizochorwa na mtaalamu wa mionzi zisifutwe. Maji ya uvuguvugu, kukausha kwa kugusa taratibu, na khanga ya pamba badala ya nguo ya kubana vinatosha kwa wengi. Uchovu ndio unaolalamikiwa zaidi na kusikilizwa kidogo zaidi, na haumaanishi uvivu wala kukata tamaa. Hupungua kwa kutembea kidogo kila siku kuliko kwa kulala mchana kutwa, lakini mgonjwa asitarajiwe kupika na kuchota maji kama zamani.

Lipo pia lile lisilosemwa. Mionzi husimamisha kazi ya ovari, hivyo mwanamke ambaye hajafikia umri wa kukoma hedhi hukoma ghafla, akapata joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi. Uke unaweza kukauka na kuwa mwembamba, makovu yakaufunga kiasi cha kuzuia hata uchunguzi wa daktari hapo baadaye. Hospitali zinazotoa mionzi zina kifaa cha kupanulia uke na maelekezo ya kukitumia wiki kadhaa baada ya tiba. Wanandoa wanaweza kurejea tendo la ndoa pale daktari atakaporidhika kwamba vidonda vimepona. Saratani haiambukizwi kwa tendo hilo, wala mume hawezi kupata mionzi kutoka kwa mkewe. Ndoa kadhaa zimevunjika kwa kutojua mambo hayo mawili tu.

Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana uwezekano wa kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo, na kwa hiyo wagonjwa wengi wanatumia ARV. Dawa hizo zisiachwe wakati wa tiba ya saratani. Kliniki zote mbili zipewe orodha kamili ya dawa, zikiwamo za miti shamba. Mgonjwa hapaswi kukaripiwa kwa kutumia dawa za asili, lakini baadhi ya mimea huathiri ini, figo au namna dawa za saratani zinavyofanya kazi mwilini, na daktari asiyejua hawezi kumkinga.

Maumivu na mofini

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuiingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya katika ngazi zote. Tiba shufaa ni huduma inayoondoa mateso ya mgonjwa mwenye maradhi makubwa, ya mwili na ya moyo, na kuisaidia familia yake. Inaweza kuanza siku ileile ugonjwa unapogunduliwa, sambamba na mionzi. Dhana kwamba ni huduma ya wanaokata roho imewafanya wengi waikatae miezi ambayo ingewafaa zaidi.

Dhana kama hiyo imeikumba mofini. Kwa maumivu makali ya saratani, mofini ya maji ya kunywa ni dawa ya msingi, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika utaratibu wake wa kutibu maumivu ya saratani tangu mwaka 1986. Katika familia nyingi, hata hivyo, chupa hiyo huonwa kama tangazo la kifo. Ndugu huificha, au humpa mgonjwa kijiko pale tu anapolia. Nchini Uganda, ambako hospisi iliyoanzishwa mwaka 1993 ilijenga huduma yake juu ya mofini ya kunywa na wauguzi waliofunzwa wakaruhusiwa kuiandika mwaka 2004, wagonjwa wa vijijini wameitumia nyumbani kwa miaka mingi.

Inavyotumika ni hivi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takribani saa nne, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne kwa saa, maumivu yawepo au yasiwepo, ili yasipate nafasi ya kurudi. Daktari anaweza kuelekeza dozi ya kulala iwe mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku. Maumivu yakichomoza katikati, ipo dozi ya ziada, na idadi ya dozi hizo iandikwe kwenye daftari kwa sababu ndiyo itakayomwongoza mtoa huduma kurekebisha kiwango. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, na hali hiyo kwa kawaida hupita. Kufunga choo hakupiti. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini na iendelee muda wote, isipokuwa kwa mgonjwa anayehara. Wapo walioacha mofini kwa sababu ya choo kigumu tu, wakarudi kwenye maumivu.

Mofini inayotolewa kwa kiwango sahihi haiharakishi kifo, na uteja ni nadra kwa anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya saratani. Isikatishwe ghafla. Tahadhari moja inahusu saratani hii hasa: uvimbe unapoziba mirija ya mkojo figo hushindwa kuitoa mofini mwilini, nayo hujikusanya. Mgonjwa aliyekuwa sawa kwa dozi ileile akianza kushtukashtuka misuli, kuweweseka, kusinzia asiamshike vizuri au kupumua polepole mno, apelekwe hospitali haraka. Haina maana kwamba mofini ilikuwa kosa. Kiwango ndicho kinachohitaji kupunguzwa au dawa kubadilishwa.

Damu, harufu na dalili za haraka

Katika hatua za mwisho uvimbe unaweza kutoa majimaji yenye harufu kali, na harufu hiyo ndiyo inayomtenga mwanamke kuliko maumivu. Majirani huacha kuingia chumbani, mgonjwa mwenyewe hukataa wageni. Harufu hiyo hutokana zaidi na bakteria wanaoishi kwenye tishu iliyokufa, na vidonge vya metronidazoli, vikimezwa au vikisagwa na kuwekwa mahali penyewe kama muuguzi atakavyoelekeza, huipunguza sana ndani ya siku chache. Kuosha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kubadilisha vitambaa mara kwa mara, dirisha wazi na chombo cha mkaa chini ya kitanda husaidia pia. Uke usiingizwe sabuni wala dawa ya kienyeji.

Damu ikitoka kidogo kidogo, dawa ya traneksamiki au mionzi ya dozi chache, wakati mwingine dozi moja tu, inaweza kuisimamisha hata kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Ikitoka nyingi ghafla, alazwe ubavu, shuka na taulo za rangi nyeusi zitumike ili wingi wa damu usimtishe yeye na watoto, na usafiri utafutwe.

Mkojo kupungua au kukatika, ukiambatana na kutapika na kuchanganyikiwa, ni dalili ya figo kuziba. Mkojo au kinyesi kupita ukeni bila kuzuilika kunaonyesha tundu limejitokeza kati ya viungo hivyo. Miguu yote miwili kuvimba polepole hutulizwa kwa kuiinua, lakini mguu mmoja kuvimba ghafla kwa maumivu unaweza kuwa na bonge la damu. Maumivu ya mgongo yakifuatwa na miguu kuishiwa nguvu, kila saa inahesabika, maana uti wa mgongo ukikaa muda mrefu umebanwa mgonjwa anaweza asitembee tena.

Mgonjwa anapoanza kukataa chakula, familia hufadhaika na kumlazimisha. Mwili uliodhoofishwa na saratani ya hatua ya mwisho hauwezi tena kukitumia chakula kama zamani, na kumshurutisha huongeza kutapika na ugomvi. Vijiko viwili vya anachokipenda, na midomo iliyolowanishwa, vinamfaa zaidi.

Nyumbani

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi mkoani aombe muhtasari wa matibabu ulioandikwa, unaotaja hatua ya ugonjwa, dawa na dozi, na mahali pa kupata mofini karibu na kwake. Nakala ikabidhiwe kwa mganga mfawidhi wa kituo cha karibu kabla ya dharura yoyote. Asiye na uwezo wa kuchangia gharama amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, badala ya kutoroka wodini kwa kuogopa deni.

Desturi ya kumficha mgonjwa ukweli ina nia njema, lakini humnyima nafasi ya kuamua kuhusu watoto, shamba, madeni na mahali anapotaka kuwa. Aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha aambiwe kwa kiasi hicho. Mabinti zake wenye umri wa miaka 9 hadi 14 wanastahili chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja. Chanjo hiyo haitibu aliyekwisha kuugua. Dada na ndugu zake wa kike watu wazima waende kupimwa mlango wa kizazi.

Anayemuuguza, ambaye mara nyingi ni binti au mama mzazi, avae glavu au mfuko safi wa plastiki anaposhika damu na majimaji, apokelewe zamu angalau mara moja kwa wiki, na aruhusiwe kulala usingizi wa usiku mzima. Mofini iwekwe kwenye kabati lililofungwa, mbali na watoto, na chupa iandikwe jina la mgonjwa. Ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, isigawiwe jirani mwenye maumivu wala kumwagwa chooni. Irudishwe kwenye hospitali iliyoitoa, ambayo itaipokea na kuiandika kwenye daftari lake.